Baba Anairudisha Siku ya Protasi

Murusagamba, Ngara
Agosti 1979

Kaka yangu Evaristi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko Kaniha. Huku maharage ya shamba la ujamaa yamekubali, na shemeji yako amepona homa.

Shida ni baba tu. Tangu mdogo wetu Protasi auawe vitani, baba anatumia ile dawa ya babu ya kurudisha siku. Akiilamba, tunaamkia asubuhi ile ile Protasi alipopanda lori la jeshi. Baba humsihi abaki, naye hucheka na kuondoka. Jua likizama tunarudi tulipokuwa, Protasi bado ni marehemu, na mtoto mmoja wa kijiji ametoweka. Hata mama yake hakumbuki kwamba aliwahi kumzaa. Sisi wa damu ya baba tu ndio tunaokumbuka.

Juzi alitoweka Niragira wangu. Maziwa yananitoka, na mume wangu ananiuliza nalilia nini.

Nilimwendea baba. "Yule alikuwa mjukuu wako!"

Alilia hadi akakaa chini. "Najua, mwanangu. Nilikuwa nambeba mgongoni. Lakini safari hii Protasi aligeuka, akanitazama. Ilibaki kidogo tu akubali."

Leo amenyoa ndevu na kufua shati analovaa kumsindikiza Protasi. Hapa kijijini hakuna tena mtoto. Kaka, ukimaliza kusoma, waite wanao kwa majina, mmoja mmoja, uwashike.

Mimi dada yako,
Ernesta