Sentensi Kumi za Projestus

Jumatatu, 5 Mei

Nimesahihisha madaftari arobaini na mawili ya darasa la tano. Maneno ya mwelekeo ya Kiingereza. "Into", "across", "towards". Mkono unauma.

La arobaini na tatu halikuwa la mwanafunzi. Nimelikuta nyuma ya magunia ya kahawa, nikitafuta ufagio. Mwandiko wa mume wangu. Projestus, mkulima, miaka kumi na sita ya ndoa, anajifunza Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza hapa Kihanga ni mimi. Hakuniambia.

Nimelirudisha nilipolitoa.

Jumanne, 6 Mei

Sababu nimeambiwa na mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima, njiani. Alidhani najua. Wanunuzi wa kahawa wanakuja kutoka nje tarehe 22, na Projestus amechaguliwa kuwatembeza mashambani. Anayemfundisha ni Adventina, karani mpya wa chama. Mtu wa Muleba, amepanga Kayanga. Kila Jumamosi. Mimi nilidhani Jumamosi anapeleka ndizi sokoni.

Adventina anapima kahawa kwenye mizani. Chaki hajawahi kushika.

Roho inaniuma. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelisoma tena lile daftari. Adventina anampa kazi ya nyumbani: sentensi kumi za kweli, ulikwenda wapi. "I walked past the market." Alipita soko. "I went across the road." Akavuka barabara. "I went up the steps." Akapanda ngazi. "I went into the house of Madam."

Kwa Kiswahili angesema nilikwenda Kayanga, yameisha, nikalala usingizi wangu. Kiingereza hakikubali. Kinamtaka aseme alipita kando ya nini, akavuka nini, akaingia wapi. Ameingia. Kaandika mwenyewe. Na pembeni kuna vema ya wino wa kijani.

Ngazi nne, mlango wa bluu, vyote vimo. Mimi hajawahi kuniandikia hata barua.

Jumamosi, 10 Mei

Ameondoka saa mbili asubuhi. Shati la kanisani. Kajipaka mafuta mpaka shingoni. Nimepiga deki nyumba mara mbili.

Jumatano, 14 Mei

Nimewaimbisha darasa la tano "The man went into the house" mpaka kengele. Mtoto mmoja akauliza, mwalimu, huyo mtu hatoki? Nimemwambia akae chini.

Aibu nimeona baadaye, ofisini.

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimemfuata. Nilimwacha atangulie, nikachukua bodaboda hadi stendi ya Kayanga. Nyumba sikumuuliza mtu. Nilizifuata sentensi zake. Soko nikalipita, barabara nikavuka, duka la pembejeo nikalizunguka, ngazi nne, mlango wa bluu. Hakukosea hata kona moja. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema, na baada ya hapo nirudi kwa wazazi wangu Kiruruma.

Walikuwa barazani, mchana kweupe. Mama mzazi wa Adventina amekaa mkekani anachambua maharage. Adventina kwenye kiti, kanga kiunoni, mtu wa kawaida kabisa. Na Projestus, mwenye miaka arobaini na minane, anazunguka ndoo. Anazunguka ndoo na kusema "around the bucket", anaipita, anairuka, anacheka. Kicheko hicho nilikisikia mwisho kabla hatujapata mtoto wa kwanza.

Hakukuwa na lolote. Ningeshukuru Mungu nikaondoka. Lakini kile kicheko kilinichoma kuliko kama ningewafumania.

Nilimwamkia mama shikamoo. Nikakaribishwa, nikapewa chai. Daftari lilikuwa mezani. Nikalichukua, nikatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, nikaanza kusahihisha. Mbele yao. Ukurasa mzima. Nikaeleza kila kosa, kwa sauti yangu ya darasani. Adventina akaangalia chini. Mama akaacha kuchambua maharage.

Projestus hakukaa tena. Alisema twende.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani tulikaa benchi moja kama wageni. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, kwa Kinyambo, polepole. Kwamba siku ya kipaimara cha binti yetu alimsalimia mgeni kwa Kiingereza, nikamsahihisha mbele ya wakwe, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hajasahau.

"Yule akinisahihisha nabaki mtu mzima," alisema. "Wewe ukinisahihisha nakuwa mtoto wa darasa la tano."

Nikaenda kumenya ndizi.

Jumatatu, 19 Mei

Amemwambia mwenyekiti atafutwe mtu mwingine wa kutembeza wageni. Hawezi.

Nilifurahi. Sitaki kujidanganya katika daftari langu mwenyewe. Nilifurahi kama saa moja hivi: hakuna Jumamosi tena, hakuna ndoo, hakuna Madam. Halafu nikamwona ameketi kwenye kibanja, mgongo kwenye mgomba, hafanyi kitu. Projestus si mtu wa kukaa. Furaha ikaisha.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia aende. Nimemwambia Alhamisi nitakuwa shuleni, sitasogea kwenye mashamba, sitasikia atakachosema. Jioni akapita kwa mwenyekiti.

Mimi ndiye niliyemfukuza pale barazani, na mimi ndiye ninayemrudisha kwa Adventina. Nimekosa hamu ya kula.

Alhamisi, 22 Mei

Nilitimiza ahadi. Wao ndio walikuja upande wetu. Barabara ya mashambani inapita chini ya dirisha la darasa la tano, na saa nne watoto wote wakakimbilia dirishani. Wageni watatu, mwenyekiti, Adventina na makaratasi yake. Projestus mbele, shati la kanisani.

Alikuwa anazungumza. Kwa sauti, mkono unaonyesha. "We go through the bananas, down to the river." Wakaitikia kwa vichwa. Wakamwelewa. Akaanza nyingine, akakwama. Alitaka kuwaambia wavuke daraja la miti. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa mita kumi tu kutoka kwake, nimeshika nondo za dirisha.

Hakutazama dirishani. Alimtazama Adventina. Adventina akanyoosha kiganja mbele, ng'ambo, taratibu. Projestus akalipata. "Across." Wakaenda.

Niliwarudisha watoto kwenye madawati. Nikaandika ubaoni kitu nisichokikumbuka. Wivu gani huu, wa kiganja cha mtu? Lakini ndio ninao. Bora anione mbaya kuliko asinione kabisa.

Jumapili, 25 Mei

Watu wa chama wamempongeza nje ya kanisa. Mmoja akaniambia, mwalimu, umemfundisha vizuri mzee wako. Nikasema si mimi. Ilinitoka kwa shida. Projestus alikuwa karibu, sijui kama alisikia.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekata. Tumeanika kahawa.

Wageni wameomba awaandikie njia ya kufika huku, kuna wenzao watakuja Agosti. Ameandika jioni hii mezani, pale ninapokaa na madaftari yangu. Mara ya kwanza ameandika mbele yangu. Niliendelea na kazi yangu. Sikuinua kichwa. Kurasa mbili za mtoto mmoja nimezisoma bila kuona kitu.

Akaniuliza, bila kunitazama, ukitembea kandokando ya mto, unaufuata tu, hauvuki, Wazungu wanasemaje.

Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Na mfano. Na swali la kumpima.

"Along," nikasema.

Akaandika. Kesho atampelekea Adventina amwangalilie. Nikaendelea kusahihisha.