Kura ya Mjane Keturah

Stony Ford, New Jersey
23 Novemba 1807

Mdogo wangu Jotham,

Salamu nyingi zikufikie huko Trenton. Natumaini kifua hakikusumbui, na mwenye nyumba uliyopanga hakupikii uji wenye mabonge. Sisi huku ni wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa, paa la ghala limezibwa, na mimi nina hasira tangu Alhamisi, hata mkate ninaoukanda hauumuki.

Alhamisi gazeti lilifika. Mjane Hulda Crane aliniomba nimsomee, maana macho yake yamechoka. Nikasoma kwamba Bunge limepitisha sheria: kuanzia sasa watapiga kura wanaume weupe peke yao. Wajane wenye mashamba yao, basi. Watu weusi walio huru, basi. Nikasoma na jina lako, kwamba ulisimama humo Bungeni ukasema wanawake ni wadanganyifu, na wenye waume hujifanya wajane ili wapige kura.

Hulda aliniuliza kama ni Jotham huyu huyu wetu. Nikamjibu ndiye. Akasema, “Yule niliyekwenda kumpigia kura na mvua inaninyea?” Kisha akaendelea kumnyonyoa bata wake.

Nani alikubeba, Jotham? Mwezi uliopita, siku ya kura, nilifunga farasi mwenyewe nikazunguka kuwakusanya wajane saba. Tope lilifika kwenye vitovu vya magurudumu. Wewe ulisimama mlangoni ukiwashusha garini mmoja mmoja, ukiwaita mama zangu, ukiwagawia keki za tangawizi. Ulishinda kwa kura moja. Moja! Shukrani ya punda ni mateke, hilo nalijua tangu utotoni. Nililokuwa silijui ni kwamba tangu mama afe nilikuwa namlea punda mwenyewe.

Sasa sikiliza, na ukae kwanza. Ulisema kuna mwanamke mwenye mume aliyepiga kura kama mjane. Ni kweli, yupo. Ni mimi.

Mchungaji hupita kwetu mara moja tu kwa mwezi, naye alipita Jumatatu, siku moja kabla ya kura. Akanifungisha ndoa na Garret Voorhees, yule mwenye kinu. Nilijua kuwa kuanzia saa ile shamba nililoachiwa na marehemu mume wangu ni la Garret, na kura sina tena, maana kura ni ya mwenye mali. Lakini nilijua pia kwamba unahitaji kila karatasi. Nikamwomba Garret anyamaze, na Jumanne nikaapa mbele ya wasimamizi kuwa mimi ni mjane. Niliapa uongo kwa ajili yako. Garret anacheka, anasema kwa kura moja tumejipatia mbunge mbovu.

Mimi sheria yako hainipunguzii kitu, kura yangu niliiacha kanisani nilipoolewa. Hulda hakumdanganya mtu. Kwa hiyo simama tena, uombe sheria hiyo ifutwe, useme mdanganyifu unamjua na ni mmoja tu. Theluji ya kwanza ikianguka nawe hujasimama, nitakwenda kwa yule uliyemshinda nimweleze yote. Wakinifunga, wanifunge. Kiti hicho nilikupa mimi, na najua njia ya kukichukua.

Garret anakusalimu. Hulda hakusalimu. Soksi ulizoagiza nilikuwa nimezimaliza, nikazifumua. Uzi wake nimempa Hulda.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Keturah, mke wa Garret Voorhees