Mikono Iliyoshindwa Kumenya Ndizi

Nyakatuntu

Mjukuu wangu Kokushubira, askari wetu mstaafu,

Shikamoo yako imefika, marahaba! Una mimba! Nimepiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Huku hatujambo, kahawa inachanua.

Unauliza kama mwenye ugonjwa wa viungo kama wetu ataweza kuzaa. Nilipokuwa na mimba ya mama yako, vidole vilivimba nikashindwa kumenya ndizi. Mama mkwe akaniita mvivu. Babu yako, aliyerudi kutoka vitani Burma, akachukua kisu akamenya mbele yake. Mwanamume!

“Jeshini aliyeumia hubebwa,” akasema.

Uchungu ulipoanza, yeye na majirani wakanibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Mama yako akazaliwa kabla ya siku zake, mdogo, akilia kama tarumbeta!

Daktari usimfiche maumivu. Na mumeo? Mpe kisu, amenye ndizi.

Bibi yako