Shoga Yangu Kahamia Garini Mwangu, Mumewe Ananiuliza Soksi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa haraka, kwani rafiki yangu amenipokonya kitanda na kuniachia mume wake, na Mungu ni shahidi sikumtaka.

Mimi ni fundi wa makochi, mjane, watoto wameshajitegemea, na mwaka huu nilinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, nikang'oa rafu, nikajitengenezea kitanda cha sponji nene, nikashona mapazia, nikawaambia wanangu nakwenda kumtembelea shoga yangu niliyejifunza naye cherehani tukiwa wasichana, wakasema mama umechanganyikiwa, nikasema ndiyo, nikawasha gari. Mshauri, nilifurahi! Njia nzima watu walinisimamisha wakidhani nauza mikate, mzee mmoja akanifokea kabisa, lakini nililala nilipotaka, nikaimba kwa sauti yangu mbovu, na hakuna aliyeniuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Nikafika. Shoga yangu alinirukia, tukalia, tukacheka, akalizunguka gari, akasema, "Hebu nijilaze kidogo tu, nione." Akajilaza. Akaamka jioni. Kesho yake akaleta mto wake, keshokutwa redio na ndala, na sasa anaishi humo, ukimwita anachungulia dirishani kama karani wa posta: "Niacheni. Huku hakuna anayeniuliza kitu."

Anayemuuliza ni mumewe, mpima ardhi aliyestaafu majuzi, mtu mpole, ila tangu aache kazi anamfuata mkewe chumba kwa chumba. Basi mke yuko garini, mimi nimepewa chumba chao, shemeji anajikunja sebuleni kwenye kochi (springi zake nimeshazibadilisha, sikuweza kuvumilia), na maswali yote yamehamia kwangu. "Shemeji, chumvi iko wapi?" "Shemeji, soksi zangu?" Na mimi mjinga, soksi zake sasa najua zilipo! Juzi nilichoka, nikamwambia, "Shemeji, chumvi si hiyo mbele yako?" Akainamisha kichwa. "Naiona. Ila mke wangu nikimuuliza chumvi, angalau ananijibu. Mengine sijui niyaanzie wapi."

Nilimhurumia, mpaka jana alipozitia funguo za gari mfukoni: "Halitoki mke wangu akiwa ndani." Shoga yangu akapaza sauti kutoka humo humo: "Sishuki! Tunaondoka wote!" Na majirani ameshawaaga. Nampenda kama pacha wangu, lakini mdomo wake huanza kabla ya jogoo, na safari hii nilitaka iwe yangu mwenyewe. Nikimwambia nitamvunja moyo, nikimchukua nitaitwa mvunja ndoa, nikibaki nitaishia kuwapikia. Nifanyeje?

Fundi Makochi

*

Fundi Makochi, pole, na unisamehe kwa kucheka. Nimemaliza. Sasa sikiliza.

Umeendesha gari peke yako njia yote hiyo, halafu kumwambia "hapana" mtu aliyevaa ndala kumekushinda? Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe umepewa nyumba nzima pamoja na mwenye nyumba. Hama chumba cha watu leo hii, ulale wewe kwenye kochi. Na nani alikutuma uzijue soksi za mume wa mtu? Akikuuliza tena, mwambie, "Mwenye kujua yuko garini," kisha nenda kaanike nguo.

Shoga yako anachotaka si safari, ni mlango unaofungika. Nyumba za wastaafu nazijua: kuna chumba cha watoto waliohama, kimejaa maboksi na feni mbovu. Kitoeni takataka, mtengenezee kitanda kama hicho chako, na kitasa chenye ufunguo mmoja, akae nao yeye.

Lakini hapa umeniudhi. Shemeji alikutolea neno zito, kwamba hajui aanzie wapi, na wewe umeniandikia mimi niliye huku, ilhali mkewe yuko hatua chache na dirisha liko wazi! Wala usimpelekee, wewe si tarishi. Chukua kiti, kiweke kando ya gari, mkalishe shemeji, mwambie aseme mwenyewe lile alilokwambia, na chumvi asiitaje. Wewe nenda sokoni, na uchelewe kurudi.

Ukirudi, kabla hujanywa hata maji, mwambie shoga yako: "Nakupenda, na safari hii nakwenda peke yangu." Atanuna. Atakuita mchoyo. Mwache anune, urafiki wa tangu usichana haufi kwa siku mbili za midomo kuvimba. Ila usimwahidi mwakani, maana ataanza kupakia mizigo leo.

Funguo mdai shemeji mbele ya mkewe, bila kelele, mkono umeunyoosha, na usiushushe mpaka azitoe. Halafu mkumbatie rafiki yako akiwa nje ya gari. Narudia, mama: nje ya gari. Ndipo uwashe.