Koti la Baba Mkwe

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukorofi wake na siku hizi unalala usingizi wa kutosha. Sisi huku ni wazima. Kikohozi changu kimekwisha, na mkweo unamjua, yeye haugui hata akitaka.

Kabla hujaendelea, tafadhali vaa miwani usome mwenyewe. Usimpe shangazi akusomee. Nampenda shangazi, lakini habari ikiingia sikioni mwake jioni, asubuhi iko sokoni. Ningekupigia simu, ila mchana saluni imejaa masikio, jioni mkweo anazungukazunguka hapa nyumbani, na mambo haya hayataki sikio la tatu. Ndiyo maana nimempa barua mteja wangu anayekuja huko kwa ndugu zake. Nimemsuka bure ili asiisahau kwenye mkoba.

Najua kwanza unataka habari za koti alilokutumia kaka. Kila ukipiga simu unaliulizia, na kila mara nakujibu kwamba mizigo imechelewa. Nitalifikia, Baba. Nikianza nalo utakasirika kabla hujasikia habari yenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Utakumbuka ulipokuja kututembelea, kitasa cha mlango wa bafu kikabaki mkononi mwako. Hapo ndipo ulipompa mkweo jina la Bwana Kesho, na sikukulaumu. Mji mzima unamwita kutengeneza mabomba na umeme, lakini kinyozi hajinyoi. Kwetu bomba la jikoni lilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Swichi ya chumbani tuliiwasha kwa mpini wa mwiko, maana ukiigusa kwa kidole inakurusha. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa tofali. Nikilalamika ananijibu kesho, tena kwa upole, kiasi kwamba hata ugomvi unakosa pa kuanzia.

Kilichoniuma zaidi ya bomba ni siku ya ndoa yetu. Kila mwaka inapita yeye hana habari, nami namnunia wiki nzima. Nimeshamwambia, na naona aibu kuliandika hili, kwamba mtu anayesahau siku aliyooa ni kama hakuoa. Alikuwa anainamisha kichwa tu.

Mwaka huu siku hiyo iliangukia siku ambayo saluni tulikuwa na bibi harusi na kundi lake zima, mashangazi kwa mabinti, kila mmoja na mtindo wake na kila mmoja na haraka yake. Nilisuka tangu asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi. Niliporudi sikuwa nawaza kitu kingine ila maji ya moto ya kukandia mgongo.

Mlango wetu wa mbele haufunguki mpaka uusukume kwa nyonga. Nikausukuma kwa nyonga kama kawaida. Baba, ulifunguka kama pazia. Niliingia mzimamzima, mimi na kapu langu, nikatua kwenye kochi. Nikiwa bado nimelala pale nikasikia kimya, nikashangaa ni kimya gani hiki. Kumbe ni bomba la jikoni, halidondoki tena.

Nikainuka nikaanza kukagua. Kitasa cha bafu kiko mahali pake. Swichi inawaka kwa kidole. Kitanda kimesimama kwa miguu yake mwenyewe, na tofali limetupwa nje. Kabati, lililokuwa likilia kama paka aliyekanyagwa mkia, linafunguka bila sauti. Na katikati ya hayo yote amesimama mkweo, ameoga, amevaa shati lililonyooshwa kwa pasi ambayo tangu tuhamie hapa haijawahi kupata moto.

Sikufurahi. Niliogopa. Mume akitengeneza kitu kimoja, shukuru, lakini akitengeneza vyote kwa mchana mmoja, tafuta mahali ukae. Nilidhani ana ugonjwa ananificha, au amepata mwingine na anataka aniachie nyumba iliyo kamili asije akasemwa. Nikamuuliza amefanya nini. Akaniambia kwamba mchana alikuwa amejikunja chini ya sinki la mteja, mwenye nyumba akataja tarehe kwenye simu, naye akashtuka akagonga kichwa. Kweli alikuwa na nundu. Dukani aliona hakumfai, maana hajui kuchagua vitu vya wanawake. Akajiuliza ni kitu gani nimemwomba siku nyingi kuliko vyote, akakusanya vifaa vyake akaja mbio nyumbani.

“Leo ni siku yetu, mke wangu,” akasema. “Nimeona hii nisiiache mpaka kesho.”

Baba, nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyemnunia mtu miaka yote hiyo.

Ningekiri palepale, yangeisha kwa kicheko. Lakini kiburi changu unakijua, nilikirithi kwako. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba bila shaka nakumbuka, afumbe macho, nikamletee zawadi yake. Nikakimbilia chumbani kutafuta zawadi isiyokuwapo. Nikafungua lile kabati lisilolia, nalo koti lako likawa linaning'inia mbele yangu, zito, la buluu iliyoiva, limeshonwa vizuri kiasi kwamba ungelisifu wewe mwenyewe uliyekaa nyuma ya cherehani maisha yako yote. Lilikuwa linasubiri nikuletee mwisho wa mwezi. Mkweo ndiye aliyelichukua kule ofisi ya mizigo, lakini alileta kifurushi kimeshonwa. Hakuuliza kuna nini ndani, nami sikumwambia. Kwa hiyo nikalichukua.

Sikuishia hapo. Nilitoa na hotuba. Nilimwambia nimezunguka mji mzima kulitafuta na nimelificha kwa wiki kadhaa. Akalivaa. Kaka alilichagua kwa kipimo chako, mtu mrefu mwenye mabega, na mkweo akisimama karibu na friji yetu wanalingana. Mikono ya koti ikameza mikono yake, pindo likamfika magotini. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuka upande huu na upande ule, kisha akasema limemkaa.

Tangu siku ile amekuwa akilivaa. Analivaa kwenda kazini, analivaa kwenda kununua maziwa, analivaa jua likiwa utosini mpaka jasho linamchuruzika. Wateja wake wanamwita Jaji. Akiulizwa amelipata wapi, anajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba mkewe alimtafutia. Nami kila akisema hivyo natamani ardhi ipasuke, halafu unapiga simu wewe kuuliza kuhusu mizigo.

Juzi akaja saluni karani wa ile ofisi ya mizigo. Nikiwa namsuka akauliza kama baba yangu amelipenda koti. Nikamuuliza amelijuaje. Akaniambia kifurushi kilifika kimepasuka, ikabidi kifunguliwe pale kaunta, mbele ya mkweo, vitu vihakikiwe, na juu ya koti kulikuwa na kikaratasi cha kaka chenye jina lako. Mkweo alilijaribu kwa mzaha, mikono ikapotea, ofisi nzima ikacheka. Akasema baba mkwe wake atapendeza kweli. Kisha akaomba sindano, akakishona kifurushi kwa mkono wake mwenyewe.

Nilisimama na nywele za watu mkononi, sijui nilikuwa nimefika wapi. Alijua, Baba. Nilipokuwa natoa ile hotuba yangu alijua kila neno ni uongo. Alijua nimesahau, na angeweza kunilipa kwa ile minuno yote kwa sentensi moja tu. Badala yake akaingiza mikono kwenye koti la mtu mwingine na kuniambia limemkaa. Nililia pale saluni, nikamwambia karani ni moshi wa kikaushio.

Bado sijamwambia kwamba najua. Nilikuwa napanga nimwambie vipi, mara jana akanieleza kwamba Jumamosi anakuja kwako, eti paa la baraza lako linavuja na mvua zimekaribia. Hajawahi kuja huko bila mimi kumsukuma. Usiku nikamwona sebuleni na lile koti magotini. Alikuwa amekunja mikono ya koti na kuishikiza kwa uzi apate kufanya kazi, sasa anautoa uzi ule taratibu kwa wembe. Akalipiga brashi, akanyoosha mikunjo kwa pasi, akalikunja na kuliweka kwenye mfuko peke yake, mbali na vifaa. Akaniambia anakwenda nalo kwa sababu ya baridi ya safari.

Baba, nisamehe kwa koti lako, na zaidi kwa uongo wa mizigo kuchelewa. Haikuwa haki yako kudanganywa na mtoto uliyemfundisha kusema kweli. Lakini nina ombi. Atakapokupa, lipokee kama kitu kilichofika jana. Najua jicho lako: kwenye mikono ya koti utaona vitundu vya sindano. Usiviulize. Mtengee kiti karibu na chako ule naye, na akimaliza paa mwambie kazi yake ni nzuri, kwa sababu itakuwa nzuri.

Akirudi ataniambia koti amelisahau kwenye basi. Nimeshajiandaa. Nitamgombeza kidogo kwa uzembe wake, maana nisipomgombeza atajua kwamba najua, naye ataninyima raha ya kumtunzia siri kama alivyonitunzia yangu. Kisha nitampa la kwake, la kipimo chake. Leo nimemwachia fundi kitambaa. Nampenda mtu huyu, Baba, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kulisikia, kwa kuwa yeye nimemwambia mara chache mno.

Msalimie shangazi, wasalimie majirani wote na yeyote anayeniulizia. Goti usiliache bila kulikanda. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Msusi