Besi ya Mitumba

Minnesota,
Jumapili mchana.

Kwako Mama Kemunto,

Pokea salamu zangu, mke wangu. Mimi ni mzima wa kula na kutembea, ila uchovu umenikalia mabegani na haushuki. Ninyi mko aje huko Manga? Njia ya kwetu inapitika, ama mvua bado inafanya boda boda ziwashushe chini mpande kwa miguu? Kifua cha mama kimepoa? Na Kemunto, yale meno ya mbele yameota?

Juzi tukiongea kwa video uliniuliza, "Baba Kemunto, ni nani huyo amesimama nyuma yako?" Nikaanza kukueleza, sauti ikakatika kama kawaida yake, ukabaki ukisema "Halo? Halo?" mpaka nikakata simu. Najua ulilala na mawazo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa kalamu koo halichoki.

Si mtu. Ni besi, lile gitaa kubwa la sauti nzito ambalo mpigaji husimama nalo wima. Za kawaida zina tumbo kubwa kama pipa. Yangu ni ya umeme, haina tumbo, ni mti mwembamba tu wenye nyuzi nne na waya. Ukivaa vidude vya masikioni unaisikia wewe peke yako. Nilitafuta ya aina hiyo kwa sababu Mganda ninayekaa naye hufanya kazi usiku, mchana analala.

Utauliza nimepatwa na nini. Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari aliyenipasua shingo. Kila simu ulikuwa ukiniuliza anasemaje, nami nakwambia tungoje. Sasa amesema. Aliingiza kamera ndogo puani, akaangalia, akavuta kiti akaketi.

"Kamba ya sauti ya upande wa kushoto haijaamka," akaniambia. "Kwa muda huu wote uliopita, sitarajii iamke."

"Na kuimba?"

"Kuongea utaongea. Kuimba kama zamani, hapana."

Nikamshukuru, nikaenda moja kwa moja kazini kwa sababu zamu yangu ilikuwa inaanza. Siku hiyo niliwanyanyua wazee ninaowatunza, nikawaosha, nikawalisha, na hakuna aliyejua kitu.

Wewe unajua kuimba besi kulikuwa nini kwangu. Ulinisikia kabla hujaniona, ulipokuja kuuza nguo kwenye makambi ya kanisa Ikonge, ukauliza wenzako ni nani huyo anayenguruma. Huku pia, Sabato tunapokutana Wakisii kwenye ukumbi wa kukodi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tangu operesheni nimekuwa mtu wa kupanga viti na kukaa nyuma. Besi amebaki nayo Nyambane peke yake, na sauti yake ni nyembamba.

Aliyenisukuma ni Nyaboke, yule muuguzi wa kutoka Nyamira anayeongoza kwaya yetu. "Ombati," akasema, "kama koo limekataa, mikono nayo imekataa?" Neno hilo lilinifuata kazini wiki nzima. Mwishowe nikamwomba anipeleke kwa gari lake tukatafute.

Ya kwanza tuliiona kwa kijana mmoja, kwenye gereji yao. Iling'aa, nikaipenda papo hapo. Mimi sijui lolote, Mama Kemunto. Basi nikakumbuka wewe pale soko la Daraja Mbili belo la mitumba likifunguliwa. Wenzako wanakimbilia rangi, wewe unageuza nguo ndani nje na kuvuta mshono. Nikafanya kama wewe. Nikafunga jicho moja nikaitazama shingo ya besi toka juu hadi chini, nikaona imepinda. Nikavuta uzi mmoja mmoja, na wa tatu ukalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. "Hiyo ni kawaida," kijana akasema. Nyaboke akanikanyaga mguu. Tukaondoka.

Ya pili ilikuwa kwa mzee aliyestaafu udereva wa basi. Besi yenyewe ina mikwaruzo na rangi imelika pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa, lakini shingo imenyooka. Viungo vya vidole vyake vimevimba. Alipiga, akakosea, akarudia, akakosea tena.

"Si yenyewe," akasema. "Ni mimi. Wewe umepiga tangu lini?"

"Sijawahi. Nilikuwa naimba."

"Mbona uliacha?"

Nikamwonyesha kovu. Hakunipa pole. Alinisimamisha nyuma ya besi, akaiegemeza kwenye mbavu zangu, akabonyeza kidole changu juu ya uzi mnene. "Vuta."

Nikavuta. Mke wangu, ule mngurumo ulipita hapa kifuani, mahali palepale wangu ulipokuwa ukitokea. Nilibaki nimesimama, mkono hewani. Nyaboke akageukia dirisha. Mzee akasema polepole, "Vuta tena."

Niliinunua kwa pesa za zamu za ziada. Za nyumbani sikugusa. Mzee aliifunga kwa blanketi lake mwenyewe, lakini hakutoka nje kutusindikiza.

Nisikudanganye kwamba mambo ni rahisi. Haina alama ya kukuonyesha kidole kikae wapi. Ukikosea kwa upana wa punje ya mahindi umepotea. Vidole vimetoka malengelenge, na kazini navaa glavu juu yake. Kuna siku naitazama tu, nalala na viatu.

Jana niliipeleka ukumbini. Momanyi, mzee wetu wa kanisa, akaizunguka mara mbili. "Ombati, hii ni obokano ya umeme?" Unajua vile mama anavyoliona lile zeze letu kubwa, kwamba ni la pombe. Nikajua nitaambiwa niirudishe garini. Nyaboke akamwambia, "Sikiliza kwanza, mzee."

Tukaimba. Ubeti wa kwanza nilipotea, nikanyamaza. Wa pili nikawapata. Wa tatu tukafika pale besi hushikilia neno moja refu wengine wakipanda. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa mazoea, ikatoka hewa tupu. Lakini sauti ilikuwepo, nimeishika kwa kidole. Mzee Momanyi alikuwa amefumba macho. Nikafunga mdomo, nikaendelea kupiga.

Nyambane alinisaidia kuibeba hadi garini. "Leo sikuwa peke yangu," akasema. Nilipofika nyumbani nililia kidogo, kisha nikalala.

Basi ndivyo ilivyo. Ile sauti iliyokufanya uulize jina langu haitarudi, na sikutaka uambiwe na mtu mwingine. Hii ya mkwaruzo ndiyo nitakayokuja nayo. Ukitaka kulia, lia, lakini usilie peke yako.

Nisalimie kaka Nyakundi huko kwenye majani chai yake, na wenzako wote wa belo. Kemunto mbusu kwa niaba yangu. Na mama nimesikia anafunga na akina mama wa maombi kwa ajili ya koo langu. Mshukuru sana. Mwambie la koo sasa waliache, waombee mgongo wa kubeba besi.

Mumeo akupendaye,
Ombati.