Mawe Matatu ya Anyitike

Lupepo, Tukuyu
11 Januari 2026

Dada Esnath,

Nimekukosea. Naliandika hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama ninavyofanya kwenye simu.

Shikamoo dada. Shemeji Simon hajambo? Hilo ini linaendeleaje, na zile dawa bado zinakutapisha? Huku mvua haikatiki, ukungu umelala mpaka mlangoni, ila tunakula na tunaamka.

Juzi ulipopiga ukasema Pasaka unakuja, na kwamba ukifa tukulaze pembeni ya mwanao, nilikujibu, "Sawa dada, pako safi, nimepalilia." Dada, sikupalilia. Hakuna kaburi la kupalilia. Sijui liko wapi.

Unakumbuka nililichimba mwenyewe, mwaka 1999. Anyitike alikuwa na miaka minne, sanduku nililibeba kwapani. Tukamweka kati ya ile migomba minne, tukapanga mawe matatu ya mtoni juu yake. Wewe na shemeji mkahamia Mpanda, mimi nikabaki kumtunza.

Mwaka 2017 niliamua mteremko wote niweke maparachichi. Nikawaambia vibarua, "Fyekeni yote mpaka kwenye mfereji," nikaenda zangu Kyimo. Sikuwaambia kuna mtoto pale. Nilisahau. Ningependa kuandika kwamba kuna mtu alinidanganya, lakini nilisahau tu, kama unavyosahau panga shambani. Niliporudi jioni migomba imelala, mashimo ya miche yamejaa mteremko mzima, na yale mawe wameyarundika njiani. Mmoja akaniuliza, "Bosi, haya mawe mazuri tuyapeleke wapi?" Nikasema pelekeni bandani. Yako chini ya banda la ng'ombe mpaka leo.

Ningewauliza palepale wangenionyesha walikoyatoa. Niliona aibu. Nikasema kesho. Kesho yake walikuwa wameshaondoka.

Tangu hapo kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka, watu wakisafisha makaburi, unanipigia, na mimi nakwambia nimepalilia, nimeweka na maua meupe. Ile picha niliyokutumia 2019, yenye msalaba, ni kaburi la mtoto wa jirani yangu Nelson.

Nimemwambia Mchungaji Erasto. Nilitaka aniambie haina shida. Akaniambia nikuandikie. Ila dada, si hata Mariamu alifika kaburini kwa Yesu akakuta tupu? Siku ya mwisho Anyitike atafufuka popote alipo. Mungu hahitaji mawe ili amwone. Naomba ushike hilo.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Asajile


Mpanda
2 Februari 2026

Asajile,

Mimi mzima kwa kiasi changu. Shemeji yako anakusalimu, hajui naandika nini. Watoto wako hawajambo? Na huyo ng'ombe anayelala juu ya mawe ya mwanangu, naye hajambo?

Ile picha niliipeleka kuchapishwa stendi, nikaitia fremu. Miaka saba iko ukutani mbele ya kitanda changu. Nikiamka naita, "Anyitike!" kama zamani alipokuwa akicheza nyuma ya nyumba. Aliitika "Naam mama!" hata akiwa na ndizi mdomoni. Jina nilimpa mwenyewe, baada ya miaka sita ya kukaa bila mtoto: Mungu ameniitikia. Kumbe nilikuwa namwita mtoto wa Nelson.

Fremu nimeishusha jana. Halafu nimeirudisha. Kosa lake nini yule mtoto? Nenda kwa mama yake umwambie wake ameombewa miaka saba na mwanamke wa Mpanda. Umwambie na kwa nini.

Sasa hilo la Mariamu. Wewe Asajile, uliyekuwa unasinzia shule ya Jumapili mpaka unaanguka kwenye benchi, leo unanifundisha mimi ufufuo? Mariamu alijua njia. Alifika, akaona jiwe limesogezwa, akachungulia. Alikuwa na mahali pa kuchungulia. Wewe hata kaburi tupu huna la kunionyesha. Na usome mbele. Yule aliyesimama pale Mariamu alimdhania mtunza bustani, akamwomba amwonyeshe alikomweka Bwana wake. Yeye alikosea. Mimi sikosei. Wangu kaondolewa na mtunza bustani kweli.

Naamini atafufuka. Niliamini siku ile unamwaga udongo, ndiyo maana niliweza kutoka pale kwa miguu yangu. Lakini ufufuo huo ni wa Anyitike. Usiuchukue ukajifunika wewe.

Nilitaka kitu kimoja tu. Siku ile nikiamka, wa kwanza kumwona awe yeye, tuko bega kwa bega, nimfute udongo usoni. Sasa nilale wapi, Asajile?

Mama Anyitike


Lupepo
16 Februari 2026

Shikamoo dada,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu.

Nimekwenda kwa Jenifer, mke wa Nelson. Nilimkuta anamenya ndizi nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akaendelea kumenya mpaka zikaisha. Halafu akauliza, "Huyo dada yako huwa anamwombea nini mwanangu?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayemkumbuka." Akafuta kisu kwenye kanga. "Na wewe toka uwanjani kwangu."

Nimeanza kumtafuta Anyitike. Nilikuwa napajua kwa ile migomba, na migomba haipo. Nimechimba mashimo manne. La nne jembe liligonga kitu, nikakaa kwenye tope nisiweze kuangalia. Ulikuwa mzizi. Kesho naendelea.

Sijakujibu ulale wapi.

Mdogo wako,
Asajile


Mpanda
1 Machi 2026

Asajile,

Mwandiko huu ni wa shemeji yako, mkono wangu umekataa. Ameshajua yote. Amekasirika, mwache akasirike.

Usimchimbe. Utamvunja. Mwache alale.

Jenifer mwambie huwa namwombea aamke akicheka.

Daktari anasema Pasaka ni mbali. Nimemwambia kwangu si mbali.

Dada yako,
Esnath


Lupepo
15 Machi 2026

Ugonile, dada, umeamkaje?

Shemeji Simon, najua ni wewe unayemsomea. Shikamoo. Msomee polepole, na ukichoka kunichukia pumzika kidogo, kisha uendelee.

Dada, jana shemeji kaniambia kwenye simu siku hizi huongei, ila ukisomewa unafumbua macho. Basi mimi naandika.

Barua yako niliisoma chini kwanza, kuona umesaini nani. Nilipoona umeandika "Dada yako", ndipo nikasoma ya juu.

Yale mashimo manne nimeyafukia kwa mikono. Jenifer nimempa salamu zako nikiwa nje ya uzio. Jumapili nikamwona anapaka chokaa msalaba wa mwanae, ambao miaka miwili ulikuwa umeinama.

Nilikuomba unisamehe kabla sijafanya lolote. Nimelifuta hilo ombi. Ulichouliza wewe ni ulale wapi, nacho nimekifikiria kila siku nikiwa kule mteremkoni. Sijui Anyitike yuko wapi, lakini najua yuko kati ya njia na mfereji. Hilo peke yake ndilo ninalolijua, na sitaliongezea uongo. Kwa hiyo nimeamua mteremko wote ni wake. Popote utakapolala pale, utakuwa pembeni yake.

Nimeanza kukata maparachichi. Zuber, anayenunua mavuno yangu, alipita akashika kichwa. "Wee Asajile, umerogwa? Miti ina matunda hiyo!" Nikamwambia hili si shamba, ni kaburi. Kisha akavua koti akashika upande wa pili wa msumeno. Yeye Mwislamu, Pasaka si yake, ila alikata na mimi miti mitano. Kumi na mmoja imeshalala. Bado ishirini na mmoja. Visiki naviacha ardhini, sichimbi kitu tena.

Nimemwomba Mchungaji Erasto, alfajiri ya Pasaka zile tarumbeta za kutangaza ufufuo zikitoka kwenye makaburi ya kanisa zishuke na huku. Amekubali, kwa sharti kwamba mimi nitasimama mbele ya watu na kueleza kwa nini zinapigwa kwenye visiki. Nitaeleza. Halafu nitaita jina lake. Sitegemei kusikia kitu, dada. Yule wa kumwita akaitika si mimi. Mimi nitaita ili kila mtu ajue kwamba pale yupo anayesubiri kuitwa.

Mawe matatu nimeyatoa bandani, nimeyasugua, yako barazani kwenye gunia. Sitayapanga mimi. Ukija umekaa, utanyoosha kidole, na pale ndipo nitakapoyaweka. Ukija umelala, nitayaweka ubavuni kwako, upande wa kulia, ule uliokuwa unambebea.

Mara hii sikwambii nimepalilia. Nakwambia nitakachofanya, na shemeji awe shahidi: Jumamosi tarehe 4 Aprili, kabla jua halijazama, mti wa mwisho utakuwa chini.

Mdogo wako,
Asajile